Mkuu, usimpelekee fundi huo mtutu

Mkuu, simama hapo hapo. Una bunduki ya .375 H&H (ile ya wanyama wakubwa) yenye mtutu wa inchi 25, inanasa matawi kwenye vichaka vya pori la akiba la Rungwa, na fundi kakuhakikishia kwamba akiukata ubaki 18 "hupotezi kitu". Huyo fundi wako, au pacha wake, aliniambia maneno hayo hayo. Nikamlipa, na soda nikamnunulia.

Watu humu watakuja kubishana kuhusu kasi. Waache. Risasi ya greini 300 kwenye mtutu wa inchi 24 inatoka na kama futi 2,530 kwa sekunde, na kila inchi inayokatwa inaondoka na futi 25 hivi, zaidi au pungufu. Ukifika 18 umebaki kwenye 2,380 au karibu na hapo. Huo ni kama mwendo wa risasi ya 9.3x62 ya fundi bunduki Mjerumani Otto Bock, iliyotengenezwa 1905 kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani huku Afrika, na inaua nyati mpaka leo. Ungekuwa na .458 Winchester ningekujibu tofauti. Ile ilitoka 1956 na kasi ya kwenye karatasi iliyopimwa kwa mtutu wa inchi 26, bunduki za porini zikaja fupi zaidi, na wawindaji wa tembo ndio waliogundua kwamba kasi haifiki ile. Yako itapenya.

Kilichonigharimu mimi ni mshindo. Mtutu ukiwa mfupi, moto na hewa ya baruti vinatokea karibu na uso wako vikiwa bado na nguvu nyingi. Jioni ukipiga unabaki kipofu kwa muda. Halafu bunduki imepungua uzito mbele, kwa hiyo teke linaongezeka na mdomo unaruka juu. Nikarudi kwa fundi. Bwana mkubwa akacheka, akasema dawa ni breki ya mtutu, ile yenye matundu ubavuni. Teke likatulia kweli, nikajiona mjanja. Sikujiuliza ile hewa sasa inakwenda wapi.

Inakwenda pembeni na nyuma. Na porini, pembeni yako yupo nani? Mfuata nyayo.

Mzee wetu alikuwa amechuchumaa kuliani kwangu, mbele kidogo, ananionyesha nyati dume kwa kidole. Nikapiga. Nyati akaanguka, na mzee naye akainama kashika kichwa kwa mikono miwili. Bunduki kubwa inavuka desibeli 160 hata bila breki, na 140 tu zinatosha kuumiza sikio kwa mlio mmoja. Mimi nilikuwa na vizibo masikioni. Yeye hana, maana kazi yake ni kusikiliza. Daktari alitueleza kwamba vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na vya sauti nyembamba ndivyo hutangulia. Sasa mzee huyu alikuwa anawajua nyati kichakani kwa milio ya shashi, wale ndege wanaokula kupe, waliopanda migongoni mwao, kabla mtu hajaona hata pembe. Siku hizi ananiuliza mimi kama kuna shashi. Mimi, ambaye nikisikia ndege nashika mfukoni kuangalia simu!

Fundi nilipomweleza, akasema ningemwambia mzee "asogee". Asogee aende wapi, kwenye karakana yako? Mtu hajawahi kulala porini hata usiku mmoja, anakuuzia ushauri wa porini.

Kwa hiyo: usishuke chini ya inchi 22. Na usifunge breki. Teke likikushinda, chukua bunduki ya risasi ndogo, hakuna atakayekucheka. Hayo matawi yanayokunasa, ning'iniza bunduki begani mdomo ukiangalia chini, uone kama hayakuachi. Bure kabisa, ila kagua tope mdomoni kabla ya kuendelea.

Na ukikata, hata hiyo 22, kile chuma cha kulengea cha mbele kinang'olewa na kufungwa upya, risasi inahama pale ilipokuwa ikipiga, unaanza upya kulenganisha bunduki. Mdomo ukikatwa kombo kidogo ndiyo basi, hata darubini haikusaidii.

Uliuliza pia kuhusu darubini ipi, na nini kingine, mkanda? Watakujibu wengine. Wewe mpigie fundi leo hii umzuie. Kama ulishampa advansi, mwachie.