Dawa ya kupulizia kwa gari linalolala karibu na bahari

Ndugu yangu, umeuliza uchague dawa gani ya kupulizia ya kulinda rangi ya gari lako linalolala Mikindani karibu na bahari, na kama unaweza kuipaka mchana mara tu baada ya kuosha. Ningechagua yenye polima au silika (viambato vinavyoacha utando wa kinga juu ya rangi) badala ya nta ya kawaida, kwa kuwa nta huisha mapema zaidi kwenye jua kali. Kuhusu kuipaka mchana mara tu baada ya kuosha, jibu langu ni hapana: bati likiwa la moto, dawa hukauka kabla hujaisambaza na kuacha mabaka ambayo ni kazi kuyaondoa. Osha kwa shampuu ya gari, suuza chumvi hadi chini ya milango, kisha subiri kivulini mpaka boneti iwe baridi unapoigusa kwa kiganja. Pulizia kidogo kwenye kitambaa cha maikrofaiba (kitambaa laini cha nyuzi ndogo sana), paka sehemu moja moja, na ufute papo hapo kwa kitambaa kingine kikavu. Wengi hupulizia kupita kiasi, na fedha zao huishia kwenye kitambaa. Soma maelezo ya chupa, kwani zipo dawa zinazopakwa bodi ikiwa bado imelowa. Diski za breki usizipake dawa hii kabisa. Kutu iliyokwisha kuanza haitaondoka kwa dawa hii, hivyo ishughulikie kwanza. Rudia kupaka pindi maji yanapoacha kujikusanya kuwa matone juu ya rangi.