Tui Halipandi Treni: Ushauri kwa Wapishi wa Malindi Wanaopikia Behewa la Chakula

Mpishi wa Malindi akiitwa kwenye kazi ya behewa la chakula, au akipewa oda ya kundi linalopanda treni, kinachomtia hasara mapema ni kile kile kinachompa sifa nyumbani: tui. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, kuku wa kupaka, mchuzi wa kamba, vyote vimesimama juu ya nazi, na nazi haivumilii safari. Tui lina mafuta, sukari na protini ndani ya maji mengi, na halina ukali wa kuzuia vijidudu. Kwa joto la pwani, lililokamuliwa alfajiri huanza kuchacha kabla ya adhuhuri. Hata lisipochacha, mchuzi wake ukikaa motoni saa nzima tui hukatika: mafuta yanapanda juu, chini yanabaki maji yenye chenga. Abiria akiona hivyo harudii kijiko cha pili.

Hesabu muda kabla ya kuhesabu sahani. Malindi haina reli. Chakula kikitoka hapa kinapita Kilifi na Mtwapa, kilomita 120 hivi mpaka Mombasa, kisha kituo cha Miritini, ukaguzi wa mizigo, kupakia. Saa 4 zimekwisha na gurudumu halijazunguka. Ongeza saa 5 hivi za treni inayokwenda moja kwa moja Nairobi. Sufuria iliyoteremshwa jikoni saa 11 alfajiri inaweza kuliwa saa 7 mchana, na hakuna mchuzi wa nazi unaokaa saa hizo zote nje ya barafu ukabaki salama.

Basi beba mchuzi mkavu, na nazi ikae kando. Mbaazi zichemshwe ziive kabisa kwa chumvi na kitunguu, zipoozwe, zipakiwe bila tui. Ndani ya behewa zipashe moto hadi zichemke, kisha tia tui la pakiti lisilofunguliwa, pakiti 2 za mililita 400 kwa kila kilo ya mbaazi kavu, ukoroge dakika 5 moto ukiwa mdogo, uteremshe. Tui la pakiti halina utamu wa kasimele, lile tui zito la kwanza, ya nazi iliyokunwa asubuhi hiyo, hilo halina ubishi, lakini linafika zima. Kuku wa kupaka vivyo hivyo: choma nchi kavu, pooza, na rojo lake liungwe ndani ya treni dakika za mwisho. Wali wa nazi achana nao. Hakuna namna ya kuubeba tuliyowahi kuiridhia.

Tumesema mbaazi ziive kabisa, na sababu yake iko njiani. Reli inaanza usawa wa bahari na kumalizikia Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Kadiri gari linavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi: Mombasa nyuzi 100, Nairobi karibu nyuzi 95. Mbaazi au maharage uliyoyaacha na kiini ukitegemea yatamalizikia Mtito Andei yatakuaibisha. Majani ya chai nayo hayatoi rangi upesi kule juu. Yaache dakika 2 zaidi badala ya kuongeza majani, maana ukiongeza chai huwa chungu.

Joto lenyewe lisikisiwe kwa kidole. Nunua kipimajoto cha kuchoma katikati ya chakula, na ukioshe kwa maji moto kila unapokitoa. Chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60, cha baridi kisipande juu ya nyuzi 5. Kinachopoozwa kitoke nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Sufuria kubwa haipoi kwa muda huo hata ukiiweka kwenye friji: nje baridi, katikati vuguvugu mpaka jioni. Kimwage kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5, bila kifuniko mpaka mvuke ukatike. Kupasha ni mara moja tu, na katikati pafike nyuzi 75.

Wali ndio unaodanganya kuliko vyote. Kuna bakteria mmoja ambaye mbegu zake zinahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haifi kwa kupashwa. Wali ulioachwa kwenye sufuria usiku kucha, ukanusa vizuri, ukapashwa mpaka ukafuka moshi, bado unaweza kulaza behewa zima. Pika siku ya safari. Ukipika jana yake, upooze kwa trei kama tulivyoeleza na ukae kwenye friji mpaka saa ya kupakia.

Kwa bahati nzuri vyakula viwili vikubwa vya pwani vinasafiri vizuri. Pilau ni kavu, ina mafuta ya kutosha kuzuia punje zisishikane, na hushika joto. Punguza mililita 100 za maji kwa kila kilo ya mchele wa pishori, usiipalie makaa muda mrefu, kwa sababu itaendelea kuiva ndani ya chombo kilichofunikwa. Biriani yetu ni bora zaidi, kwa kuwa wali na masala yake hupikwa mbali mbali. Pakia mbali mbali pia, ukutane nazo kwenye sahani. Masala ya biriani yana maziwa ya mgando na tungule, ukali wake husaidia, na siku ya pili viungo vimeshaingia vizuri zaidi. Ila nyama iwe bila mfupa. Mifupa inakula nafasi ya sahani na ya ndoo ya taka, na mtoto kukwamwa na kipande cha mfupa behewa likitikisika si jambo dogo.

Samaki tunamshauri mtu afikirie mara mbili. Jodari na nguru wakikaa kwenye joto kabla ya kupikwa hutengeneza sumu inayowasha mwili na kupiga kichwa, na moto hauiondoi. Kama hukumwona samaki wako akitoka chomboni na kuingia barafuni, usimpakie. Changu na tewa hawana tatizo hilo, lakini changu ana miiba, na harufu ya samaki kwenye behewa lililofungwa madirisha hubaki mpaka mwisho wa safari.

Sambusa, katlesi, bajia na viazi karai ndivyo vinavyouzika kwenye toroli, na karibu kila mara hufika vimelegea. Havikulegea kwa safari, vililegea kwa mvuke: vimetoka mafutani vikafungiwa vingali vya moto. Vitandaze juu ya wavu dakika 30, visilaliane, ndipo uviweke kwenye chombo chenye karatasi chini. Kupasha iwe oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 8 hivi. Maikrowevu itavirudishia ulegevu ule ule. Kukaanga ndani ya treni usithubutu. Gari likishika breki, mafuta yanamwagika, na behewa halina pa kukimbilia. Mahamri hayana shida. Kachumbari ikatwe ndani ya treni, chumvi na ndimu vitiwe sahani ikiwa mkononi, la sivyo inatoa maji na kulowesha wali. Pilipili ya ukwaju inakaa siku nzima bila neno.

Sasa idadi. Chukua behewa la viti 40. Katika saa 5 za safari, toa nusu saa ya mwanzo ambayo abiria wanatafuta viti vyao na tiketi zinakaguliwa, na nusu saa ya mwisho ya kuosha na kufunga. Zinabaki dakika 240. Zamu moja ya kula ni dakika 45: 10 za kuagiza na kupokea, 25 za kula, 10 za kuondoa vyombo na kufuta meza. Kwa hesabu zinaingia zamu 5, lakini panga 3, maana watu wakishiba hukaa wakatazama Tsavo na hufukuzi mtu mezani. Sahani 120, basi. Mchele gramu 100 kwa mtu, kilo 12. Nyama bila mfupa gramu 150 mbichi, ambazo zikiiva ni kama 100, kilo 18. Chai mililita 150 kwa kikombe, lita 18, na hiyo ni ya wanaokaa mezani tu. Toroli lina chai yake.

Zamu hizi si jambo jipya. Kwenye treni ya zamani ya reli nyembamba, iliyokuwa ikilala njiani na iliyokoma 2017, mhudumu alipita kwenye ujia akigonga kengele yake kuita zamu ya chakula. Sababu ni ile ile: jiko dogo likipokea watu wote kwa pamoja, wa kwanza anakula cha moto na wa mwisho anakula lawama. Gawa kadi za oda mapema, kila kadi na saa yake. Kwenye safari za kulala siku mbili, kama ile ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mambo ni mengine: huwezi kubeba chakula kilichoiva, ni lazima upike njiani.

Ndani ya behewa, sufuria isijazwe zaidi ya theluthi mbili. Chini ya kila chombo weka kitambaa kibichi, na kwenye trei ya vikombe pia. Trei kavu huteleza. Anzia wa dirishani, ndipo wa kando ya ujia, usije ukapitisha mchuzi wa moto juu ya kichwa cha aliyekwisha kupokea. Chai usiimimine kikombe kikiwa mbele ya abiria. Kichukue, kiweke kwenye trei yako, mimina trei ikiwa upande wa ujia, kisha umrudishie. Gari likipunguza mwendo, simama, shika kiti, nyamaza. Haraka ya dakika moja ndiyo inayounguza watu. Na wazee waitwe kwa heshima yao, shikamoo kwanza, oda baadaye. Birika na bakuli la kunawia acha nyumbani, gawa vitambaa vibichi vya moto kabla na baada ya kula, na kijiko kiwepo hata kwenye biriani.

Chai ya maziwa ina hila yake. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa huyagandisha, kwa kuwa ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio unaokiua. Chemsha maji na tangawizi iliyopondwa, iliki na mdalasini dakika 10 kwanza. Halafu maziwa, halafu majani. Themosi isuuzwe kwa maji yanayochemka kabla ya kutiwa chai, na chai iliyoshuka chini ya nyuzi 60 imwagwe.

Mwezi wa Ramadhani hesabu zote hizi zinahama. Kwenye treni inayoondoka Mombasa saa 9 alasiri, karibu hakuna anayeagiza mpaka magharibi, halafu wanaagiza wote dakika moja. Andaa vifurushi: tende 3, chupa ya maji, sambusa 2 na kikombe cha uji wa kupewa baadaye, vigawiwe kwenye viti dakika 15 kabla. Na mhudumu asitangaze futari kwa saa ya Mombasa. Jua huzama Mombasa mapema kuliko Nairobi kwa dakika 10 hivi, na wakati huo gari liko upande wa Kibwezi au Emali, katikati ya nyakati mbili hizo. Aliyefungua kwa saa ya Mombasa amefungua jua likiwa bado juu, na siku ile itamlazimu kuilipa. Tafuta wakati wa magharibi wa mahali gari litakapokuwa, uuandike kwenye karatasi jikoni, kisha ongeza dakika 3 ndipo utangaze.