Samoni Wako Chini Kwenye Baridi: Majibu kwa Wavuvi wa Ziwa Michigan

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, naishi Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, mwaka wa tatu sasa. Mwezi wa tano nilinunua mashua ya mtumba ya futi 18. Julai hii nimetoka Grand Haven mara nne kutafuta samoni na trauti, nikikokota vijiko viwili (vyambo bandia vya chuma) mita 30 hivi nyuma ya mashua, kutwa nzima, na sijapata hata mmoja. Wenzangu wa mashua za jirani nawaona kwa macho yangu wakivuta samoni wa aina ya Chinook. Kioo cha kifaa changu cha kutafutia samaki kinaniambia maji yana nyuzi 21. Nimevua tangu utoto. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuvua unajua. Ulichokosea ni kina.

Hizo nyuzi 21 ni za maji ya juu tu. Kwenu Ukerewe, ukitia mkono majini na ukitia nanga, joto ni karibu lile lile, tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo hukulelewa kuliwaza jambo hili. Ziwa Michigan limejengwa kwa matabaka. Kiangazi maji ya vuguvugu huelea juu kama mafuta, halafu ukishuka, mara nyingi mita 15 hadi 25, joto linaanguka ghafla, na chini ya hapo ni nyuzi 4 au 5 mpaka sakafuni. Ziwa hili lina mahali penye kina cha mita 281. Chinook anapenda nyuzi 10 hadi 13, basi Julai anakaa pale pale joto linapoanguka. Vijiko vyako visivyo na chubwi vinaogelea mita moja au mbili tu chini ya uso wa maji. Siku nne hizo umekuwa ukipita juu ya dari la nyumba yao.

Hao jirani zako wana dauniriga: winchi ndogo iliyofungwa ukingoni mwa mashua, yenye waya wa chuma na tufe la risasi la kilo 4 au 5. Ya kuzungusha kwa mkono inakutosha, na ya mtumba si ghali. Unapeleka kijiko nyuma mita 10 hivi, unaubana mshipi kwenye kibanio kilicho juu ya tufe, kisha unalishusha tufe polepole huku kidole gumba kikigusa rili ili mshipi usitoke ovyo. Likifika kina unachotaka, zungusha rili mpaka ncha ya fimbo ipinde kuelekea majini. Samaki akigonga, kibanio kinaachia, na fimbo iliyokuwa imepinda inaruka na kusimama wima. Hapo mshipi unalegea kwa muda mfupi na mgeni hudhani samaki amekwenda. Hajaenda! Zungusha, zungusha upesi, mpaka uzito urudi mkononi. Nimeona Chinook wengi wakipotea katika lile tuo dogo kuliko katika mapambano yote yanayofuata.

Utajuaje baridi inaanzia wapi? Nunua kipimajoto cha kushusha kwa kamba, au kifungie juu ya tufe kisha ulipandishe usome. Halafu tazama kioo chako vizuri. Samoni hawa ni wageni kama sangara wa kwenu: mayai ya Coho, samoni wa aina nyingine, yaliletwa kutoka jimbo la Oregon, vifaranga vikamwagwa Mto Platte mwaka 1966, Chinook wakafuata 1967, makusudi ili wamle samaki mdogo aitwaye alewife, ambaye alikuwa amefurika ziwani hadi anakufa na kuoza kwa malundo ufukweni. Mpaka leo Chinook anamfuata alewife. Ukiona kwenye kioo wingu la vidagaa limening'inia hapo joto linapoanguka, na mistari mizito chini yake, usiondoke mahali hapo.

Sasa mwendo. Nilifanya kazi miaka 11 kama baharia kwenye mashua za kuvulisha watalii Watamu. Kule kuvua kwa kukokota chambo tunakuita kurambaza, na ukimrambaza nduaro au nguru chombo kinakwenda kilomita 12 kwa saa na zaidi, vyambo vinaruka mgongoni mwa wimbi. Asubuhi yangu ya kwanza huku nilipewa usukani nikaenda kwa mwendo wa nyumbani. Nahodha hakusema neno. Aliuweka mkono wake juu ya wangu na kurudisha mkono wa mafuta nyuma, nyuma, mpaka nikadhani injini itazima. Chinook anataka kilomita 3.5 hadi 4.5 kwa saa. Trauti wa ziwa, ambaye hukaa karibu na sakafu, anataka polepole zaidi, kama 3.

Lakini mwendo unaohesabika ni wa kijiko kule chini, si wa mashua juu. Ziwa lina mikondo, na mkondo wa kina cha mita 20 unaweza kwenda kinyume kabisa na wa juu. Tazama waya wa dauniriga. Kama ukielekea kusini unalala sana kuelekea nyuma, na ukielekea kaskazini kwa mwendo ule ule unaosomeka kwenye kioo unasimama karibu wima, mkondo wa chini unakuja ukitokea kusini, na inabidi uongeze mafuta unapokwenda kaskazini. Njia nyingine haina gharama yoyote: usiende mstari ulionyooka. Kata kona pana. Kijiko cha upande wa ndani wa kona kinapungua mwendo na kuzama, cha nje kinaongeza mwendo na kupanda. Ukigongwa cha nje mara mbili, samaki wamekwambia uongeze mwendo. Mtu anayekwenda moja kwa moja kutwa nzima hajawauliza samaki swali lolote.

Toka alfajiri, kabla jua halijachomoza. Saa ya kwanza ya mwanga ni ya Chinook, na vijiko vinavyong'aa gizani, ukivimulika kwa tochi kabla ya kuvishusha, wakati huo vinafanya kazi kweli. Pia sikiliza upepo. Upande wetu huu wa Michigan, yaani ufuko wa mashariki wa ziwa, ukivuma wa kaskazini au mashariki siku mbili tatu, maji ya juu husukumwa katikati ya ziwa na baridi inapanda karibu na nchi kavu. Siku hiyo hata mashua ya futi 18 haina haja ya kwenda mbali.

Na hili la mbali ndilo linaloninyima usingizi nikisoma barua kama yako. Pwani kusi na kaskazi zina miezi yake. Hapa upepo unaweza kugeuka kati ya chai na adhuhuri, na mawimbi yake ni mafupi, yamebanana, yanaijaza mashua ndogo kabla hujaigeuza. Septemba 23, 1967, watu walipokuwa wamepagawa na Coho wale wa kwanza, mashua ndogo zilitoka ingawa onyo la upepo lilikuwa limetolewa, na watu saba wakafa maji. Soma utabiri wa ziwani kabla ya kulala na tena kabla ya kutoka. Jaketi la kuokoa maisha livae mwilini, usiliweke chini ya kiti, kwa sababu Mei maji hayo yanakunyang'anya nguvu za mikono kabla hujamaliza kuita. Na uwe na mtu nchi kavu anayejua saa yako ya kurudi.

SWALI: Asalaam aleykum kaka. Mimi ni wa Mombasa, niko Muskegon. Mume wangu analeta trauti wakubwa wa ziwa, wengine kilo tano. Nina mtoto wa miaka miwili na nanyonyesha. Nimesikia wana sumu. Niwapike au niwatupe?

JIBU: Waaleykum salaam dada. Usiwatupe, ila usiwapike kama changu wa nyumbani. Kemikali za viwandani ziitwazo PCB, ambazo Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1979, bado zimo kwenye maziwa haya, na zinakaa kwenye mafuta ya samaki. Trauti wa ziwa anaishi miaka mingi na ana mafuta mengi, kwa hiyo mkubwa ndiye mwenye mzigo. Mwambie shemeji abakize wadogo. Minofu ivue ngozi, ondoa mafuta ya tumboni na ya mgongoni, na ule mstari mweusi wa nyama ubavuni.

Kisha fanya wa kupaka. Mbanike juu ya wavu ili mafuta yatiririke motoni, na tui lako lipike kwenye sufuria ya pembeni, umpake akishaiva. Usimchemshe ndani ya tui, maana hapo mafuta yote yanabaki kwenye mchuzi na mtoto anayanywa. Samaki hawa wana zebaki pia, nayo haiondoki kwa kukata mafuta, kwa hiyo wewe na mtoto hesabuni milo. Idara ya afya ya jimbo hutoa mwongozo wa bure unaoonyesha aina ya samaki, urefu wake na milo kwa mwezi. Ufuate huo, na mwonyeshe daktari wa mtoto.

SWALI: Nilivua Chinook huku Milwaukee. Lile pezi dogo la nyama lililo mgongoni karibu na mkia halikuwepo, pameziba kabisa. Ni mgonjwa?

JIBU: Mzima kabisa. Alikatwa pezi hilo akiwa kifaranga kwenye kituo cha kuzalishia samaki, kuwa alama kwamba huenda ndani ya pua yake mmewekwa kipande cha waya chenye urefu wa milimita moja hivi, kilichochongwa namba. Namba hiyo inaeleza alizalishwa wapi na aliachiwa mwaka gani, na ndivyo wataalamu wanavyojua samaki wa mto gani wanaishia kwenye ndoana za nani. Kata kichwa nyuma ya macho, kitie kwenye mfuko, andika tarehe, mahali ulipomvua na urefu wake, ukigandishe, kisha ukipeleke kwenye kituo cha kukusanyia vichwa kilicho karibu nawe. Minofu ni yenu.