Kitabu Kile Kile, Macho Mengine

Swali: Nimestaafu, nina miaka 61. Nimekifungua tena Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert niliyoipenda sana kidato cha tatu. Kurasa za mwanzo zimenichosha nikakiweka. Utamu umekwisha, au nimezeeka? – Mstaafu, Mpwapwa

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Utamu upo. Kinachokuchosha ni mazoea ya mtihani. Shuleni ulikisoma ukiwinda dhamira na tamathali za semi. Leo mwisho unaujua, mwindaji hana windo. Basi usianzie ukurasa wa kwanza. Ingia moja kwa moja mahakamani, pale mshtakiwa Karama anapoanza kujitetea dhidi ya waziri Majivuno anayemshtaki, kwa kusimulia safari za wajumbe sita wa nchi ya Kusadikika. Soma safari moja tu kwa siku, kwa sauti, maana Shaaban Robert alikuwa mshairi na sentensi zake zimepimwa kwa sikio. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini: siku sita. Ya saba ndiyo urudi mwanzo.

Ukifika hapo, kumbuka jambo ambalo kijana hulipita mbio. Kitabu kilitoka mwaka 1951, miaka 10 kabla ya uhuru, na mwandishi wake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Mtu anayekula mshahara wa serikali anaandika habari za nchi inayowafunga wajumbe wake wanaporudi na mambo ya manufaa! Aliyekaa ofisini miaka 30 hawezi kulipita hilo.

Shika penseli, si kalamu ya wino, na uandike tarehe pembeni ya kila mstari unaokugusa. Kama nakala ni ile ile ya ujana, usiifute mistari ya zamani. Maliza kwanza, kisha linganisha ulichopigia mstari wakati ule na sasa. Kwetu hiyo ndiyo raha kubwa kuliko zote za kurudia kitabu. Ukifika kurasa 40 bila ladha yoyote, kiache bila kujilaumu. Hadithi za upelelezi ndizo huumia zaidi, kwa kuwa fumbo limeshafumbuliwa. Hizo zirudie ukitazama mwandishi alivyozificha nyayo za mhalifu.

Swali: Nikisoma usiku herufi zinacheza na kichwa kinauma. Ninunue miwani ya kusomea ya mtaani? – Mama, Area C

Jibu: Mama, pima macho kwanza. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, vitu vya karibu vikawa na ukungu. Miwani ya mtaani ina nguvu sawa pande zote mbili, ilhali macho yako huenda yakatofautiana. Tena presha ya macho huanza kimya, bila maumivu. Ukishapata miwani, shika kitabu sentimita 35 hadi 40 kutoka usoni, taa itokee nyuma ya bega, na kila baada ya dakika 20 tazama mbali kidogo.

Swali: Vitabu vyangu vya zamani vinaachia kurasa, na mchwa wameanza kuvila. – Msomaji, Kondoa

Jibu: Hewa kavu ya kiangazi chetu hukausha gundi ya mgongo wa kitabu, kisha mtu anakikunjua kwa nguvu mezani na gundi inapasuka. Usitumie selotepu: hugeuka njano, na ukiibandua inaondoka na herufi. Paka gundi nyeupe ya maji kwa brashi ndogo, ukanda wa milimita 2 tu kwenye ukingo wa ukurasa. Uingize mpaka ndani, tenga kurasa za jirani kwa karatasi ya nailoni, weka tofali juu hadi asubuhi. Gundi ikizidi, hupenya na kugandisha kurasa tatu kwa mpigo.

Mchwa hupandia ukutani na sakafuni. Sogeza rafu sentimita 10 kutoka ukutani, usiweke maboksi chini, na msimu wa mvua kagua nyuma ya rafu kila wiki. Ukiona vichuguu vyembamba vya udongo, hamisha vitabu siku hiyo hiyo kabla hujaanza kubomoa vichuguu hivyo.