Maswali ya Bustani: Mvinje wa Uani na Upogoaji wa Kijapani

SWALI: Assalaam aleikum, mhariri wa safu hii. Uani kwangu Kisauni kuna mivinje miwili: mmoja umeshapita paa la nyumba, na mwingine bado ni mche unaonifika kifuani. Nimeona picha za misonobari ya bustani za Kijapani, ambayo matawi yake hukaa tabaka juu ya tabaka huku kukiwa na nafasi kati yake, nami natamani mivinje yangu iwe vivyo hivyo. Fundi anayetukatia ua aliunyoa ule mkubwa kwa mkasi mrefu, akaufanya duara. Sasa nje una kijani kizito, lakini ndani ni vijiti vikavu. Nianze wapi, na je, nikiukata kilele utaharibika?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu msomaji. Kilichokausha ndani ya mti wako ni kukosa mwanga. Mkasi wa ua hukata ncha zote kwa usawa, na kila ncha iliyokatwa hutoa vitawi kadhaa papo hapo, hivyo baada ya muda mti hujifunika gamba zito la majani, nuru ikashindwa kupenya, na vitawi vya ndani vikafa. Wajapani nao hunyoa vichaka kwa namna hiyo, hasa azalea, ambazo hukatwa mara tu maua yanapokwisha, kabla macho ya maua ya mwaka unaofuata hayajafanyika. Msonobari hawautendei hivyo. Huo hupunguzwa kutoka ndani, tawi kwa tawi, kwa mkasi mdogo wa mkono, na kazi kubwa ya fundi ni kuamua kipi kitoke: kitawi kilichokufa, kinachoelekea ndani kwenye shina, kinachoning'inia chini, kinachosimama wima juu ya mgongo wa tawi, na kile kinachopishana na mwenzake.

Mvinje umeuchagua vizuri, kwani unastahimili mchanga, chumvi na upepo wa bahari. Ndio mti uliopandwa kuanzia mwaka 1971 katika machimbo ya Bamburi, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe, pakawa msitu tunaouita leo Haller Park. Hata hivyo, ustahimilivu huo usikufanye uukate ovyo. Chukua kitawi kimoja cha kijani ukitazame kwa karibu: zile zinazofanana na sindano si majani, bali ni vijiti vyembamba vyenye pingili, na majani yenyewe ni vigamba vidogo mno vilivyozunguka kila kiungo. Ukivuta taratibu, kijiti huachana kwenye pingili. Kwa hiyo ncha changa huhitaji vidole tu, na kila tawi unalotaka liishi liachie kijani cha kutosha.

Kuhusu wakati, usifuate kalenda ya Japani. Kule, chipukizi ndefu za msonobari huvunjwa kwa vidole karibu na mwezi wa Mei, kabla sindano hazijafunguka, na kuanzia majira ya kupukutika majani sindano kuukuu hung'olewa kwa mkono. Kwetu hakuna baridi ya kuusimamisha mti, na mvinje hukua muda wote ilimradi una maji. Basi ncha uzichume kidogo kidogo kila zinaporefuka, na upunguzaji mkubwa uufanye masika yakianza, si katikati ya kaskazi wakati jua linaunguza. Kwa mara moja usiondoe zaidi ya robo ya kijani chote.

Mkono ujifunzie kwa ule mche. Chagua matawi machache yanayotoka pande tofauti na kwa urefu tofauti, mengine yaondoe, kisha yale machanga yavute yalale kwa kamba ya makumbi iliyofungwa kwenye mti wa kuegemeza. Wajapani hutumia mianzi na kamba ya nyuzi za mti wa kwao wa jamii ya minazi. Kagua fundo mara kwa mara, maana kamba iliyokaza huzama kwenye gome. Kilele kinaweza kukatwa, nao hufanya hivyo, lakini hukata juu ya tawi la pembeni lililo hai, ambalo huelekezwa juu lichukue nafasi yake.

Mkubwa uufungue polepole kwa misimu kadhaa. Tawi zito lianzie kukatwa kwa chini kidogo lisije likachana na gome, na msumeno upite nje ya ule uvimbe uliopo tawi linapoungana na shina, kwa sababu hapo ndipo kidonda hufungia. Kabla ya yote, tembea ufukweni Nyali au Bamburi utazame mivinje iliyopindwa na upepo. Umbo la misonobari ya bustani za Kijapani limeigwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa misonobari ya pwani yao iliyopindwa vivyo hivyo, na naamini mivinje yetu itakufundisha zaidi ya picha yoyote.

SWALI: Je, mtindo huo wafaa mkwaju na mnazi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Mkwaju wafaa sana: majani yake ni madogo, matawi machanga hupindika, na hustahimili mkasi, ingawa utahitaji subira kwa kuwa hukua taratibu. Mnazi haufai kabisa, kwa sababu una ncha moja tu ya kukulia, na ikikatwa mti wote hufa. Uondolee makuti makavu tu.