Pampu inajiwasha yenyewe umeme ukirudi

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina pampu ya kupandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye simtanki la lita 2,000. Nimefunga swichi ya Wi-Fi yenye Tasmota (programu inayoiendesha swichi), broka ni Mosquitto kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo), na programu ya simu nimeiandika mwenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, pampu inawaka bila mtu kugusa kitu. Juzi maji yamemwagika usiku kucha. Je, swichi ni mbovu? Msomaji, Kimara

JIBU: Pole kwa maji. Swichi ni nzima, usinunue nyingine. Kinachoiwasha ni amri yako ya zamani.

Kwenye MQTT, yaani njia ya vifaa kupeana ujumbe, broka ni dalali: simu inampa ujumbe, naye anaupeleka kwa kila aliyejiandikisha kwenye mada hiyo. Kwa kawaida akishaupeleka hana habari nao tena. Lakini ukiutuma na alama ya retain, anautunza, na kila anayejiunga upya anakabidhiwa nakala. Umeme unaporudi swichi inajiunga, inapewa "ON" ya jana, inatii. Wengi huweka retain ili amri isipotee Wi-Fi ikisuasua. Kwa taa ya barazani si neno. Kwa pampu, amri iliyochelewa kwa saa 6 ina hatari kuliko iliyopotea.

Hakikisha kwanza. Tuseme swichi umeiita pampu; kwenye Pi andika:

mosquitto_sub -u jina -P nenosiri -t 'cmnd/pampu/#' -v

Usiguse simu. Ukitokea papo hapo mstari wa cmnd/pampu/POWER ON, mchawi ndiye huyo. Mfute kwa ujumbe mtupu:

mosquitto_pub -u jina -P nenosiri -t cmnd/pampu/POWER -r -n

Kisha kwenye programu yako weka retain iwe false, la sivyo ukiufuta leo utaurudisha kesho kwa kubonyeza kitufe.

Tasmota nayo, usipoibadilisha, hukumbuka hali ya mwisho ya swichi. Kwenye konsoli yake (ukurasa wa kuandikia amri) andika PowerOnState 0, ianze ikiwa imezimwa. Hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu ujumbe uliotunzwa hufika baada ya swichi kuwaka na kuunganishwa. Ongeza kikomo cha muda: PulseTime1 1900. Hapo namba ni sekunde unazotaka kujumlisha 100, kwa hiyo 1900 ni dakika 30. Pima tanki lako linajaa kwa muda gani, weka dakika 5 za ziada. Na floti ya kukata pampu tanki likijaa ifungwe vilevile. Yenyewe haihitaji Wi-Fi.

Kitufe cha simu kisibadilike rangi kwa kubonyezwa tu. Kisubiri jibu la swichi kwenye stat/pampu/POWER. Sikiliza pia tele/pampu/LWT, mada inayotangaza kama swichi ipo hewani: swichi ikipotea bila kuaga, broka huingoja mara moja na nusu ya muda wa keepalive (kimya kirefu zaidi kinachoruhusiwa), ambao kwa Tasmota ni sekunde 30, yaani kama sekunde 45, ndipo hutangaza "Offline". Hapo kitufe kiwe cha kijivu.

Kama swichi yako ni ya ampea 10, isibebe pampu moja kwa moja. Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na rilei, yaani kiwashio kilicho ndani ya swichi, inaweza kuganda ikiwa imewaka. Swichi iendeshe kontakta (kiwashio kikubwa cha kubeba mkondo mkubwa), kontakta ndiyo ibebe pampu. Kazi hiyo mpe fundi umeme.

SWALI: Mke wangu akifungua programu niliyotengeneza, kwangu inakatika. Nikirudi mimi, kwake inakatika. Msomaji, Tabata

JIBU: Simu zote mbili zinatumia kitambulisho kimoja cha mteja. Broka hairuhusu wawili wenye jina moja, humtoa aliyetangulia. Na kwa kuwa programu hujiunga tena yenyewe, mnatoana bila kikomo. Programu itunge herufi 6 za kubahatisha mara ya kwanza inapofunguliwa, izihifadhi, na kuzitumia siku zote kwenye kitambulisho chake. Kwenye logi ya Mosquitto maneno "already connected, closing old connection" yatakoma.