Ndama Anayehara Asinyimwe Maziwa

SWALI: Mhariri, baada ya salamu, mimi ni mfugaji wa ng'ombe watatu wa maziwa hapa Kisauni. Ndama wangu wa siku tisa anahara majimaji ya manjano iliyofifia. Jirani amenishauri nimnyime maziwa siku mbili na nimchome sindano ya antibiotiki. Mwaka jana nilifuata ushauri huohuo na ndama akafa. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole kwa hasara hiyo. Ndama anayehara mara nyingi huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini kuliko vimelea vyenyewe, na kumnyima maziwa ni kumwongezea njaa juu ya kiu. Ibane ngozi ya shingo yake kwa vidole viwili, kisha uiachilie. Ikikawia kulala, na macho yakiwa yamedidimia, jua amekwisha kupoteza maji mengi. Mwendelezee maziwa, kidogokidogo na mara nyingi, na katikati ya milo umpe lita mbili za maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu ya ndama, inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Akishindwa kunyonya au kusimama, usimnyweshe kwa nguvu, maana maji yaweza kuingia mapafuni. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo amtilie maji mshipani.

Ama sindano, umri wa ndama ndio unaotia shaka. Bakteria wa koli hushambulia zaidi katika siku nne au tano za mwanzo, ilhali kwa ndama wa siku tisa washukiwa wakubwa ni virusi vya rota na korona pamoja na kriptosporidia (vimelea vidogo vya utumbo), ambavyo antibiotiki za kawaida haziviui. Akiwa na homa, au kinyesi kikiwa na damu, daktari ndiye aamue. Wewe nawa mikono kwa sabuni na uwazuie watoto, kwa kuwa baadhi ya vimelea hivi humwingia binadamu pia.

Hata hivyo, kosa huenda lilianza mapema zaidi. Ndama huzaliwa bila kinga. Huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, na utumbo wake hauipokei tena baada ya saa 24 hivi. Ndama wa kilo 30 anywe lita tatu ndani ya saa sita za kwanza, na usitegemee kwamba atajitafutia chuchu mwenyewe. Kitovu nacho kichovywe katika iodini mara tu anapozaliwa, kwani kikioza, vijidudu huteremkia viungoni na magoti yakavimba; hapo antibiotiki inahitajika kweli, tena mapema.

Usilizibe banda kwa magunia wakati wa masika. Chuchumaa ndani, kichwa chako kikiwa sawa na cha ndama: harufu ya mkojo ikikuchoma macho, yeye anaivuta usiku kucha, na homa ya mapafu haiko mbali. Toa matandiko yaliyolowa, tia maranda makavu, na uache upepo upite.